Kura ya Nabukalu wa Ansab

Sijawahi kuiba hata pini. Miaka ishirini na saba nimefanya kazi serikalini, nimestaafu na jina langu safi, na bado Ijumaa moja ya mwezi wa pili nilikaa kwenye meza yangu ya kulia, hapa hapa Khoudh, Maskati, nikaiba uchaguzi wa wanawake arubaini na saba. Hakuna aliyenilazimisha wala aliyenipa kitu. Nasema mapema ili mwenye kutaka kukasirika akasirike sasa, maana mie mwenyewe nimeshakasirika na sioni pa kuipeleka hasira yangu.

Tangu siku ile sikai kitako. Nafuta meza iliyokwisha futwa, nafungua friji nikasahau nilichokitaka, natoka barazani narudi ndani. Mama ananiuliza natafuta nini, nami namwambia sitafuti kitu.

Mama yangu, Bi Wadha, ana miaka themanini na minne, na akili yake inakuja na kuondoka. Hali chakula ila kwa mkono wa Namuddu, mfanyakazi wetu. Mie mwanawe wa kumzaa nikimpelekea kijiko anakaza meno, ananiuliza mie nani na nani kanifungulia mlango. Ndugu yangu Murshid anakaa Darsait. Akija anambusu mama kichwani, anakunywa kahawa, anasema mashaallah mama kanawiri, huyo keshaondoka. Kwa hiyo nyumba hii, tusidanganyane, imesimama kwa Namuddu.

Namuddu ni Mganda, ana miaka thalathini na moja. Kabla ya kuja Maskati alifanya kazi Mombasa, ndiyo maana tunaelewana, ingawa akianza neno kwa "sasa" mama humkata: "Sasa nini? Sema unachotaka." Na yeye hucheka, akampangusa mdomo, akamtia kijiko kingine. Mwaka wa nne huu yuko kwetu, na mie ananiita Mama. Siku ya kwanza alipofika alinikabidhi pasipoti yake. Nikamwambia kaa nayo mwenyewe, ndiyo haki yako, sheria inasema hivyo. Akakataa. "Kwako ni salama zaidi, Mama. Mimi nitaipoteza." Nikaiweka kabatini, chini ya kisanduku cha dhahabu ya mama, na wala hakuniuliza tena iko wapi.

Sasa, hawa Waganda wanaofanya kazi majumbani wana umoja wao wa wanawake. Mwenyekiti kazi yake moja kubwa: ndiye anayepigiwa simu. Msichana akiumwa na anakofanya kazi hawamtazami, au kakosana na bi mkubwa wake, au hajui pa kushitaki, anampigia mwenyekiti, na mwenyekiti anakwenda. Mwenyekiti alikuwa Nambi, wa saluni moja Darsait, mwanamke wa maneno mengi na kucha ndefu, anayependa kupigwa picha. Wengine walimpenda. Wengine walisema simu yake inalia mpaka inachoka. Hao ndio waliomsimamisha Namuddu.

Mwezi wa kwanza kwao kulikuwa na uchaguzi mkubwa. Mtandao ukazimwa, Namuddu akakaa siku kadhaa hampati mama yake, anatembea na simu mpaka jikoni. Mtandao uliporudi, kundi lao la simu likawaka moto: hawa wanasema tumeibiwa, hawa wanasema mmeshindwa nyamazeni. Mie siyajui ya kwao na sitayasemea. Nilichokijua ni kuwa jioni moja Namuddu alikuwa anamenya vitunguu, akasema, "Mama, mimi nimechoka kuambiwa. Huu uchaguzi wetu wa hapa tutauona na macho yetu. Hata kama ni mdogo."

Nilimwona mtoto. Mie kura yangu ya Majlis Shura, bunge la kwetu, niliipiga kwa simu nimejilaza kitandani, dakika mbili, nikaendelea kutazama mchezo wangu wa Kituruki. Sikujiuliza imekwenda wapi. Ambaye hajawahi kuibiwa haangalii nyuma, na mie nilidhani hiyo ni akili.

Wakakubaliana hivi. Wengi hawaruhusiki kutoka, kwa hiyo kila mmoja ataleta ujumbe wa sauti: jina lake, anakaa wapi, na anamtaka nani. Utaletwa kwenye simu ya mtu mmoja asiyekuwa na upande. Mtu huyo atahesabu Ijumaa baada ya alasiri, atatangaza, kisha atazifuta sauti zote, ili asije mtu akajua mwenzake kampa nani. Na huyo mtu nikawa mie. Namuddu ndiye aliyenitaja, na Nambi naye akaridhia. "Mama Masouda ni mwalimu kabisa," alisema, ingawa skuli sijasomesha hata siku moja. Walikuwa wanatafuta mtu wa kumwamini, nami nna nywele nyeupe na miwani.

Sasa nieleze khofu yangu. Ijumaa ya kabla ya uchaguzi Namuddu alikwenda Darsait kuomba kura. Saa nne asubuhi alitoka. Mama hakula. Nilimpikia wali wa nazi, nikampondea, nikambembeleza, akanitemea kifuani. Kisha akaanza kulia, analia kwa sauti ndogo, anamwita mama yake aliyekufa Unguja kabla mie sijazaliwa. Nami nikaingia jikoni nikalia vilevile, mtu mzima mie, nimeshika sufuria. Namuddu aliporudi alimlisha kwa dakika kumi. Halafu akaniambia, "Mama, nikishinda, nitaomba uniruhusu kutoka, siku mtu akipata shida." Nikamwambia inshaallah. Tunajua wenyewe ile inshaallah tunaiweka wapi.

Siku ya kura zilikuja sauti arubaini na tatu. Namuddu mwenyewe alijifungia chumbani kwa mama, akaniachia simu yake juu ya meza asije akaambiwa kachungulia. Nikavaa miwani, nikachukua karatasi, nikapiga mstari katikati. Nilizisikiliza zote. Huyu anasema upesi upesi, huyu anacheka, huyu nyuma yake watoto wanapigana kwa Kiarabu. Mmoja alinong'ona, mashine ya kufulia inazunguka nyuma yake: "Mimi naitwa Nabukalu. Niko Ansab. Kura yangu ni ya Namuddu. Asante, madam."

Namuddu ishirini na nne. Nambi kumi na tisa.

Nilizitazama zile alama. Kutoka chumbani nilimsikia mama anacheka, Namuddu anamwimbia kitu cha kwao, na kijiko kinagonga bakuli. Nikajisemea, hii sauti ndiyo itakayoondoka hapa. Simu italia saa ya chakula, huyu atavaa viatu, na mie nitabaki natemewa wali. Nikachukua karatasi nyengine. Kura tatu nikazihamisha, tatu tu. Namuddu ishirini na moja, Nambi ishirini na mbili. Na ntasema lililo baya zaidi: sikuzihamisha ovyo. Nilichagua tatu za wale ambao hata kwenye kundi hawasemi, wanaonong'ona, ambao nilijua hawatathubutu kuniuliza. Ya Nabukalu wa Ansab ilikuwa ya kwanza. Kisha nikazifuta sauti zote kama tulivyokubaliana, na ile karatasi ya mwanzo nikaichana.

Nilipomwita Namuddu kumwambia, nilijitayarisha kumwona analia. Hakulia. Alitabasamu. "Kura moja," akasema. "Sawa, Mama. Nimeshindwa vizuri." Alifurahi, wallahi. Alimtumia Nambi hongera mbele yangu, akawaandikia wote kwamba sasa wameona, inawezekana, watu wanahesabu na mwenye kushindwa anakubali. Nikasema nna chungu kwenye moto, nikaenda kusimama jikoni mbele ya jiko lililozimwa.

Siku ya tatu hesabu zikaanza kukataa. Wanawake walishaulizana wenyewe kwa wenyewe, wewe ulimpa nani na wewe, na ishirini na nne wakasema Namuddu. Basi vurugu. Lakini sikilizeni wizi walimtwika nani: Nambi. Wakasema kaleta laini za simu za uongo, kapigisha kura kwa majina ya wenzake, kwani nani asiyemjua. Mie jina langu halikutajwa na mtu. Nambi alinipigia mwenyewe, sauti imemkauka: "Mama, wewe ulisikia zile sauti. Waambie mimi sikuiba." Nikamwambia, "Mie nilihesabu nilicholetewa." Maneno ya karani yale, hayana kichwa wala miguu, na nilijua hayatamsaidia.

Na Namuddu akanitetea. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akawarekodia mbele ya uso wangu: "Ya Nambi siyajui. Lakini Mama Masouda namjua. Mimi nakula kwake mwaka wa nne. Yule mama hawezi kuiba." Nilikuwa nakata mkate. Nikaendelea kuukata mpaka ukawa makombo.

Kumi na mmoja wakajitoa kwenye kundi wiki ile. Wengine waliondoka kimya, wengine kwa matusi. Nabukalu aliacha ujumbe, na Namuddu alinisomea, nikawa sina pa kukimbilia: "Kura yangu ilikuwa moja tu, na sijui ilienda wapi. Kwaherini." Namuddu akasema maskini, huyu hata hatujamwona sura, haruhusiwi kutoka kabisa. Nikasema maskini.

Pengine ingeishia hapo, na mie ningezoea. Mtu anazoea. Lakini wiki tatu baadaye dereva mmoja wa mizigo, Mganda mwenzao, akampigia Namuddu. Kapeleka friji nyumba moja Ansab, kafunguliwa mlango na msichana kaficha mkono ndani ya shela, na mkono ule umevimba mpaka vidole havikunjiki; kamwuliza jina, kamwambia. Namuddu akaja chumbani kwangu, shungi mkononi. "Mama, ni Nabukalu. Nipeleke." Sikuvaa hata saa. Mama tulimwacha na jirani.

Alikuwa kasichana kembamba, miaka ishirini na mbili kwa kukisia. Kaanguka kwenye ngazi akifuta madirisha, siku tisa zilizopita. Bi mkubwa wake yuko safarini, nyumbani kabaki mzee asiyeona vizuri, na yeye akaogopa akisema ameumia atarudishwa kwao. Alikuwa anafua kwa mkono mmoja na kupika kwa mkono mmoja. Nikampigia simu bi mkubwa wake, akashtuka, akasema mpelekeni upesi, wala hajui lolote. Tukamtia garini.

Njiani Namuddu alikaa nyuma naye, kampakata ule mkono juu ya mto. Walisema Kiganda, mie sikifahamu. Kisha Namuddu akageuza Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, kwa adabu, nisijione niko nje. "Kwa nini hukupiga simu? Siku tisa?"

"Nimpigie nani?" Nabukalu akasema. Ile sauti ilikuwa ile ile, ya kunong'ona. "Nilifikiri hapa tutakuwa tofauti. Nikaona ni kama kule tu. Sasa nimpigie nani?"

Taa ilikuwa nyekundu. Ilipokuwa kijani sikuondoka mpaka nikapigiwa honi.

Hospitali walimchukua picha. Daktari akasema mfupa ulivunjika na umeshaanza kuunga upande. Itabidi wamfungue wauweke sawa, na hata hivyo mkono huo hautarudi ulivyokuwa, vitu vizito asahau. Akamwuliza kwa Kiarabu kwa nini kachelewa, nami nikawa mkalimani. Nilitafsiri swali. Jibu lake, lile lile la garini, sikulitafsiri, nikamwambia daktari aliogopa tu.

Walipomwingiza ndani tulitoka mie na Namuddu tukasimama penye magari, jua limetupiga, hapana kivuli. Nikawa nazunguka gari, nafungua mlango nafunga. Namuddu akaniambia, "Mama, tulia." Nikamwambia.

Sikuzungusha. Nikamwambia ulishinda wewe. Ishirini na nne kwa kumi na tisa. Nikahamisha kura kwa sababu ya mama, kwa sababu hali chakula, kwa sababu nilikuwa naogopa kubaki peke yangu naye. Niliendelea na sababu mpaka nikajisikia aibu.

Namuddu alitazama mlango wa hospitali. "Ngapi?"

"Tatu."

"Ya huyu ilikuwemo?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nilikuwa na nafasi hiyo, na ulimi ulishaanza kuiendea. "Ilikuwemo," nikasema. "Ilikuwa ya kwanza."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema, "Mimi niliwaambia wewe huwezi," kisha akasema tena, polepole, "niliwaambia wote." Akaingia ndani kukaa na Nabukalu, na mie nikabaki na gari.

Kesho yake alinitaka jambo moja tu: niseme mwenyewe, kwa sauti yangu, kwenye kundi, na nimtaje Nambi. Nikarekodi. Mara ya kwanza nilimweleza mama na maradhi yake. Namuddu akasikiliza, akafuta. Mara ya pili nilieleza miaka yangu serikalini, akafuta. Mara ya nne ikabaki hivi: "Mimi ni Masouda. Nilihesabu kura nikaziiba. Namuddu alishinda. Nambi hakuiba kitu. Nakuombeni radhi." Akaituma. Majibu hakunisomea, na mie sikumwomba anisomee.

Nilidhani basi, sasa atapewa chake. Namuddu akakataa. Alisema hawezi kuwa mwenyekiti kwa sauti zilizokwisha futwa na kwa neno la mtu mmoja, lile lile lililowadanganya, wachague upya. Nambi ndiye aliyesema wachague kama wanavyochagua viongozi wa kijiji kwao: mgombea anasimama, na anayemtaka anajipanga nyuma yake, mstari, mbele ya watu, kila jicho linahesabu. Hapana simu, hapana mama wa miwani.

Ikawa Ijumaa, Darsait, uani mwa nyumba anayokaa Nambi na wenzake. Niliwapeleka, Namuddu na Nabukalu aliyefungwa plasta mpaka kiwiko. Bi mkubwa wake, baada ya yaliyotokea, sasa anampa Ijumaa. Sikuambiwa niingie. Nilikaa garini, kioo chini, na geti lilikuwa wazi. Nikawaona wanajipanga. Walihesabu kwa sauti, wote pamoja, mmoja mmoja, na kila anayehesabiwa anainua mkono. Nabukalu aliinua ule wa plasta.

Namuddu tisa. Nambi kumi na mbili.

Ishirini na moja, katika arubaini na saba. Nilijua baadhi yao wamefungiwa Ijumaa. Lakini wale kumi na mmoja waliojitoa hakurudi hata mmoja isipokuwa Nabukalu, na kumi zaidi, ambao hata hawakujitoa, walikuwa na ruhusa na nauli, wakabaki majumbani wakitazama simu. Namuddu aliwapigia wote wiki nzima, nilimsikia. Walimjibu kwa upole. Walimwambia dada, mstari au simu, ni yale yale. Na wengi wao walikuwa wa upande wake.

Nambi alitoka mpaka dirishani kwangu. Kucha zake safari hii zilikuwa fupi. "Mama," akasema, "leo nimeshinda kweli. Lakini watu watanikumbuka kwa ile uliyonipa wewe." Nikamwambia nakuomba radhi. Akasema, "Umeshaomba," akarudi kwa wenzake.

Basi nilichokitaka nimekipata. Namuddu si mwenyekiti. Simu hailii saa ya chakula. Njia nzima ya kurudi Khoudh alitazama nje, na tulipofika alivua viatu, akanawa, akaenda kumlisha mama kama siku zote. Mama alikula bakuli zima, akadai jengine. Nilisimama mlangoni nikawatazama, nyumba yangu imetulia, na sikujua niweke wapi mikono.

Alipomaliza kuosha vyombo alijifuta mikono kwa kitambaa, akakikunja, akakitundika pahala pake. Akaja ukumbini nilipokuwa.

"Madam," akasema. Mwaka wa nne, hajawahi kuniita hivyo. "Naomba pasipoti yangu. Nitakaa nayo mwenyewe."

"Unataka kuondoka?"

"Hapana. Bibi atakula nini? Nataka tu kukaa nayo."

Nikaenda kabatini, nikanyanyua kisanduku cha mama, nikaitoa. Nilimpa kwa mikono miwili. Siku ile ya kwanza aliponipa mie, alinipa bila kuitazama, akageuka kuuliza jiko liko wapi. Safari hii aliipokea, akasogea chini ya taa, akaifungua ukurasa wa mwanzo, akaanza kukagua kurasa, moja baada ya moja, hadi mwisho.